Jiwe la kubania karatasi limegeuka kitu kingine kabisa, hii inatokeaje?

Kalamu_Kavu

Habari zenu wadau. Nina swali nimetembea nalo kama wiki mbili sasa, nyumbani nikiligusia wananiangalia kama nimechanganyikiwa, nikaona nilete huku.

Ofisini kwetu kulikuwa na mzee mmoja, nitamwita Mzee tu. Meza yake ilikuwa chini ya feni kabisa na ile feni ni ya zamani, haijui spidi ya kati, ni imezimwa au ni kimbunga. Kwa hiyo akawa na jiwe. Jiwe la mtoni, jeusi, ukubwa wa ngumi ya mtoto, lina mstari mweupe umelizunguka kama mshipi, na upande mmoja limelainika mpaka linateleza maana alikuwa na tabia ya kulisugua kwa kidole gumba akiwa anasoma faili. Kazi yake kubania karatasi basi, hamna kingine.

Mzee alifariki miaka 3 iliyopita. Tukakusanya vitu vyake, miwani, kikombe, redio yake ndogo, picha za wajukuu, vyote vikaenda kwa familia. Jiwe likabaki mezani kwa sababu hakuna aliyelihesabu kuwa kitu, nani anampelekea mjane jiwe jamani. Siku moja kwenye kikao karatasi zikawa zinapepea mtu akaenda kulichukua, likabaki huko huko chumba cha mikutano. Afu kikao kingine watu wanaongea wote kwa mpigo, dada mmoja akaligonga mezani akasema sasa hivi anaongea mwenye jiwe. Tukacheka. Kikao kilichofuata mtu akauliza, jiwe liko wapi? Ndo ikawa hivo. Ukitaka kuongea unaomba jiwe, mtu akiacha kazi anapewa alishike aseme neno la kuaga, na kikao kikiwa kigumu utasikia watu kwenye ngazi wanaambiana leo jiwe lilikuwa zito.

Sasa bosi mpya kafanya usafi chumba cha mikutano, jiwe likatupwa nje kwenye bustani. Aisee. Watu wazima na digrii zao wameinama kwenye majani karibu nusu saa, mmoja yuko na suti. Aliyelipata ni kijana aliyeajiriwa mwaka jana, Mzee hajawahi kumwona hata kwenye picha, nikamkuta analifuta udongo kwa shati lake jeupe. Bosi anashangaa tu, akauliza kwa nia njema kabisa: si jiwe tu hili, mbona nje yamejaa, chukueni lingine. Hakuna aliyemjibu. Na si kwamba tulinuna, hatukuwa na jibu. Akaongeza kwamba kama shida ni kumuenzi Mzee basi ataagiza kombe zuri la kioo limeandikwa jina lake. Kimya kikazidi.

Swali langu sasa, ni lini hasa lile jiwe liliacha kuwa jiwe? Na kwa nini jingine halifai wakati kiukweli bosi hajakosea, ni jiwe?

Mchokonozi

Mkuu hayo ni mapepo, fungeni siku tatu mkaombe halafu mlirudishe mtoni hahaha

Kalamu_Kavu

Nilijua wewe ndo utaanza.

Tarishi_wa_Zamani

Hiyo ya suti imenimaliza. Ila swali ni zuri kuliko linavyoonekana.

Chukua neno lenyewe kwanza, jiwe. Ndani ya hiyo sauti hamna ugumu wala uzito, Mfaransa anasema pierre na jiwe halilainiki. Mswisi mmoja Ferdinand de Saussure aliyekuwa anafundisha Geneva mwanzoni mwa karne ya 20 ndo alilishikilia sana hili, kwamba neno na kitu vimeunganishwa na makubaliano ya wanaoongea, hamna kamba nyingine. Wengi wanaishia hapo halafu wanasema kila alama ni makubaliano, na kama ni hivo bosi wako kashinda, kubalianeni jiwe jingine muendelee na kikao.

Lakini kabla yake kulikuwa na Mmarekani, Charles Sanders Peirce, yeye akaona alama haziko za namna moja. Kuna inayofanana na kitu chake, kama picha ya mtu. Kuna isiyofanana nacho hata kidogo ila imetokana nacho, moshi na moto, unyayo na mguu. Na kuna hiyo ya makubaliano. Sasa rudi kwenye jiwe lenu, ule upande laini. Ule ni unyayo mkuu! Kidole cha mtu kimepita pale miaka na miaka, si kwamba linamwakilisha Mzee, amelichonga bila kujua. La bustanini hata mkikubaliana vipi halina hicho kidole.

Ila hapo hapo kijana wa shati jeupe ananivurugia nadharia maana yeye hicho kidole hakijui. Kwake lilishavuka likawa la namna ya tatu, amelikuta linafanya kazi kama mtoto anavyokuta lugha nyumbani. Kwa hiyo ukinibana kwenye "lini" nitakwambia ni siku ile mtu asiyemjua Mzee alipoomba jiwe kwa mara ya kwanza na mkampa bila kumweleza chochote.

Mama_Kijani

Mimi mambo yangu ni mimea acha niingilie hapo kwenye unyayo, maana kuna ua moja linaonyesha hili jambo vizuri mno.

Popi, yale maua mekundu ambayo Waingereza wanayabandika kifuani kila Novemba. Watu wanadhani lilichaguliwa kwa sababu ni jekundu kama damu. Ni kweli kwa sehemu, ila lilianza kwa tabia ya mbegu. Mbegu ya popi wa shambani inaweza kulala ardhini miaka mingi sana inasubiri mwanga, udongo ukipinduliwa ndo inaamka. Ndo maana wakulima wanaliona ni gugu tu. Sasa Vita ya Kwanza ya Dunia, Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, ardhi ilipinduliwa na mizinga na mahandaki na makaburi kuliko jembe lolote lilivyowahi kuipindua, kwa hiyo popi wakaota pale pale palipochimbwa. Hakuna aliyewapanda. Askari wanaona tu kaburi la wiki kadhaa limeshika maua.

Mei 1915 daktari wa jeshi kutoka Kanada, John McCrae, akamzika rafiki yake karibu na mji wa Ypres huko Ubelgiji, akaandika shairi linaloanza na hao popi katikati ya misalaba. Likachapwa jaridani mwisho wa mwaka huo huo likasambaa. Novemba 1918 vita inakaribia kuisha, mwalimu mmoja Mmarekani Moina Michael akalisoma akaapa atavaa popi siku zote, akaenda madukani kutafuta wa hariri maana mwezi huo wa kweli unautoa wapi. Mama wa Kifaransa Anna Guérin akaibeba ile hoja, wajane na yatima wakatengeneza maua ya kitambaa yakauzwa kuwasaidia, na mwaka 1921 Uingereza ikafanya siku ya popi ya kwanza.

Angalia lilivyosafiri. Gugu, halafu unyayo wa vita kama anavyosema Tarishi, halafu mstari wa shairi, halafu kitambaa, na leo ni karatasi. Na anayelivaa leo wengi wao hawajawahi kuona popi wa shambani ameota.

Sasa kichekesho chake. Mwaka 2010 waziri mkuu wa Uingereza David Cameron kaenda China na ujumbe wake mwezi wa Novemba, wote wana popi kifuani, wenyeji wakawaomba wavue. Kwa nini? Kwa sababu kwa Mchina ua hilo na Mwingereza vikikaa pamoja vinakumbusha Vita vya Kasumba (yaani afyuni, dawa ya kulevya) vya karne ya 19, Uingereza ilipopigana ili kasumba iendelee kuuzwa kule. Na kibotania popi anayetoa kasumba ni spishi nyingine kabisa! Lakini nani anakwenda kuhesabu petali. Waingereza wakakataa kuvua. Kila upande ulikuwa unakumbuka wafu wake.

Mchokonozi

Sawa nimeacha utani sasa. Nyote mnaongea kama vile alama zinaota zenyewe kama uyoga, mtu mmoja akalisugua jiwe, mbegu ikaamka, oh. Mi nasema mara nyingi kuna mtu kakaa chini akachagua.

Gandhi na chumvi. Mwaka 1930 India iko chini ya Waingereza, sheria inamkataza Mhindi kutengeneza au kujiokotea chumvi, anunue iliyotozwa kodi. Gandhi anatafuta jambo la kuanzishia upinzani, wenzake wakubwa kwenye chama wanasubiri aje na kitu kizito, anakuja na chumvi. Walimshangaa. Hata gavana mkuu wa Uingereza kule, Lord Irwin, aliandika kwamba mpango wa chumvi haumkoseshi usingizi. Mzee wa miaka 60 akatoka Sabarmati tarehe 12 Machi na wafuasi 78 wakatembea kama kilometa 385, tarehe 6 Aprili yuko ufukweni Dandi, akainama akaokota bonge la tope lenye chumvi. Basi ni hilo tu. Halafu pwani nzima watu wakaanza kuchemsha maji ya bahari, waliokamatwa mwaka huo wakapita 60,000.

Hamna bahati pale. Alipiga hesabu. Kitu ambacho kila nyumba inacho, tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu, na jua likikuwakia unakitoa jasho mwenyewe. Angechagua kodi ya ardhi nusu ya nchi isingejali. Kwa hiyo Kalamu huyo dada aliyegonga jiwe mezani ndo Gandhi wenu, mtafuteni mumuulize, mnamsahau kwa sababu mnapenda hadithi ya Mzee.

Kalamu_Kavu

Dada huyo nimemuuliza leo leo baada ya kusoma hapa. Kasema hakumbuki. Anasema alitaka kugonga meza na lilikuwa karibu na mkono, kungekuwa na stepla angegonga stepla.

Mchokonozi

Huyo dada kaniangusha.

Fundi_Saa

Hahaha stepla. Hapo ndo nataka kuingilia maana kuna mtu alifanya hivo hivo nchi nzima ikabadilika rangi.

Lisbon, Ureno, tarehe 25 Aprili 1974. Wanajeshi wameamka usiku kuuangusha udikteta uliokaa zaidi ya miaka 40. Kuna mama anaitwa Celeste Caeiro anafanya kazi kwenye mgahawa, na siku hiyo mgahawa unatimiza mwaka mmoja, mwenye mgahawa alishanunua maua ya kanesheni awagawie wateja. Asubuhi wafanyakazi wanafika anawaambia leo hatufungui, huko nje kuna mapinduzi, bebeni maua muende nayo nyumbani yasiozee hapa. Mama anatoka na kifurushi chake anakutana na vifaru. Anamuuliza askari mnafanya nini, anaelezwa, askari anamwomba sigara. Mama havuti. Anaangalia mikononi ana nini, ana maua, anampa ua. Askari kashika bunduki mkono hauna nafasi, akalichomeka kwenye mtutu. Mwenzake naye akataka. Mama akagawa mpaka yakaisha, na wauza maua wa mjini nao wakaanza kugawa ya kwao.

Mpaka leo wanaita Mapinduzi ya Kanesheni na kila tarehe 25 Aprili watu wanashika ua jekundu. Angekuwa na sigara mfukoni huyo mama tusingekuwa na hii hadithi.

Ila nisiwe upande wa bahati peke yake. Ua moja kwenye mtutu mmoja ni askari mwenye mzaha tu, picha nzuri imeisha. Kilichofanya kazi ni yule WA PILI. Akaona akaelewa bila kuambiwa, akasema na mimi nipe. Na yalikuwepo mengi ya kumpa. Nafikiri hapa mnazunguka wote mnapita pembeni yake: kitu chenye maana kwa mtu mmoja ni kumbukumbu yake binafsi, kila mtu anazo kwenye droo. Kinakuwa cha wote pale wa pili anapokishika kwa namna ile ile. Kwenye hadithi yako Kalamu dada kagonga, mmecheka, limekufa. Aliyelifufua ni yule wa kikao kilichofuata aliyeuliza jiwe liko wapi. Huyo ni nani?

Kalamu_Kavu

Kwa kweli sikumbuki. Inawezekana hata ni mimi.

Sina_Baya

Nafuatilia tu ila mnaniumiza kichwa. Swali la kijinga, bendera nazo je? Jani la Kanada kwa mfano, hilo halikugongwa mezani na mtu, lilipitishwa na bunge

Tarishi_wa_Zamani

Si la kijinga. Ila bunge lilikuta jani lishafanya kazi muda mrefu, watu walikuwa wanalivaa na kulichora miongo na miongo kabla bendera haijapandishwa tarehe 15 Februari 1965. Walichofanya wakubwa ni kulinyoosha. Lile la kwenye bendera lina ncha 11 kamili, limekatwa kwa rula, ukienda kwenye mti wenyewe, unaitwa mepo, huokoti jani la hivo. Limerahisishwa ili likipepea mbali ulitambue. Kitu cha porini kikishakuwa alama rasmi kinaanza kufanana na alama kuliko na chenyewe.

Kobe_Msafiri

Nimechelewa ila nataka kurudi kwenye kombe la kioo la bosi maana hapo ndo mmepita haraka.

Kwanza Kiswahili chenyewe kimetucheka. Kombe unalopewa ukishinda mpira na kombe lile gamba la baharini ni neno moja. Na kuna kombe la baharini ambalo limekuwa alama karibu miaka elfu moja. Mahujaji wa Ulaya waliokuwa wanakwenda Santiago de Compostela huko Hispania, kwenye kaburi linaloaminika ni la mtume Yakobo, wakifika walikuwa wanachukua gamba la kombe la pwani ya kule, wanalishona kwenye kofia au joho wanarudi nalo. Unaporudi kwenu miezi imepita umekonda, kila mtu akiona gamba anajua huyu amefika. Njiani unachotea maji. Mtu akifa anazikwa nalo, wachimbuaji wa mambo ya kale wameyakuta kwenye makaburi mbali sana na bahari.

Ikaja biashara, makombe ya bati yakawa yanauzwa pale pale karibu na kanisa, na viongozi wa kanisa wakawa wakali kwa wanaouza sehemu nyingine, maana kama unaweza kununua alama ya kufika bila kufika basi kwisha habari. Hapo wangemwelewa Kalamu na kimya chake. Kombe la kioo linanunulika. Ukilivunja unaagiza lingine na jina lile lile.

Lakini kuna jambo linanifurahisha zaidi. Hujaji wa siku hizi ananunua gamba MWANZO wa safari, analifunga kwenye begi siku ya kwanza anaondoka nalo. Zamani lilisema nimefika, sasa linasema naenda. Maana imegeuka kichwa chini miguu juu na gamba ni lile lile, na njia bado ina watu. Kwa hiyo msihangaike sana kulinda maana ya kwanza ya jiwe lenu. Huyo kijana wa shati jeupe hamjui Mzee, sawa, lakini ndo aliyelitafuta mpaka akalipata.

Mama_Kijani

Hata popi ilifika huko. Mwaka 1933 wanawake wa vyama vya ushirika Uingereza wakatoa popi MWEUPE, wanasema tukumbuke wafu wote na vita visirudi, na mpaka leo kuna wanaokwazika mtu akivaa mweupe. Nadhani kitu kikianza kugombaniwa ndo unajua kimeshakuwa cha watu, hakuna anayegombana juu ya gugu.

Mchokonozi

Kasoro mkulima.

Kalamu_Kavu

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Leo asubuhi niliwahi kazini nikaenda kuliangalia vizuri peke yangu, kwa sababu ya ile habari ya unyayo. Ule upande wa Mzee uko vile vile. Ila nikaligeuza. Upande wa pili ambao nakumbuka ulikuwa na chenga chenga, sasa una mng'ao fulani wa mafuta ya mikono, si laini bado lakini rangi imeshabadilika kuliko sehemu nyingine. Sijamwambia mtu, nimelirudisha.

Na kombe la kioo limefika wiki iliyopita, nilisahau kuwaambia. Ni zuri kweli, zito, lina jina na miaka yake. Bosi akaliweka kwenye kabati la mapokezi, siku mbili tatu likahamia huku ndani sijui nani kalileta. Jana nimepita meza aliyokuwa anakaa Mzee, siku hizi anakaa kijana yule yule, nakuta kabania nalo karatasi.

Mchokonozi

Na feni je, hawajaitengeneza tu?

Kalamu_Kavu

Bado.